Uzio umetufungia njia ya pwani: watu wadogo wamewahi kubadilisha kitu?

SWALI: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake wakulima wa mwani, kaskazini Pemba. Mwaka juzi mwekezaji alipewa eneo la ufukweni akatia uzio, na njia waliyopita bibi zetu ikafungwa. Sasa tunazunguka mbali na mwani mbichi kichwani, maji yanajaa hatujamaliza kazi. Tumemwambia sheha, tumeandika barua wilayani, hakuna jibu la maana. Vijana wanasema tuandamane tukaung'oe. Wazee wanasema serikali haishindwi na wanatukumbusha ya 2001. Mume wangu anasema wanawake na mambo hayo wapi na wapi. Nataka kujua kweli yake: watu wadogo kama sisi wamewahi kubadilisha kitu, au tunajisumbua? Na kama wamewahi, walifanyaje?"

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako ina khofu mbili: kwamba mtahangaika bure, na kwamba mtaumia. Zote zina msingi, kwa hiyo sitaanza kwa kukutia moyo. Naanza na jibu lenyewe. Ndiyo, watu wa hali yenu wamewahi kubadilisha mambo, hapa hapa visiwani, tena mara nyingi kuliko tunavyosomesha skuli. Ila hawakushinda kwa njia wanayoifikiria vijana wenu, na waliposhindwa hawakushindwa kwa sababu wanayoitaja wazee wenu.

Tuanze Ng'ambo ya Mji, mitaa ya watu wa hali ya chini iliyo nje ya Mji Mkongwe, Unguja. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa walihamia Ng'ambo wakajenga. Nyumba ya udongo na makuti ilikuwa ya mtu mwenyewe, lakini ardhi ilikuwa na mwenyewe mwengine. Mwanzo wenye ardhi hawakudai kitu kikubwa. Kufika miaka ya 1920 mji umejaa, viwanja vina thamani, na kodi inapandishwa juu ya watu ambao kipato chao hakijapanda. Mwaka 1928 wakaazi wakagoma kulipa, mtaa baada ya mtaa, na wanawake wengi waliokuwa na vibanda vyao wakiwa mstari wa mbele. Walioshitakiwa walishitakiwa, lakini mwisho wake serikali ya Kiingereza ililazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo.

Tazama nguvu za mwenye ardhi zilikuwa wapi. Ukizifuata mpaka mwisho, unazikuta kwenye mkono wa bibi wa Ng'ambo anayetoa rupia zake kila mwezi. Bibi mmoja akikataa, kibanda chake kinabomolewa na mambo yanaendelea. Mtaa mzima ukikataa, mahakimu hawatoshi, askari hawatoshi, na tajiri anabaki na ardhi isiyomuingizia hata senti. Miaka 20 baadaye, 1948, makuli wa bandarini Unguja walifanya hesabu ile ile. Chakula kimepanda bei, mshahara umelala, wakaacha kupakia na kupakua, wafanyakazi wengine wa mji wakaungana nao, na mishahara ikapandishwa. Kisiwa kinachoishi kwa karafuu inayotoka na mchele unaoingia hakiwezi kukaa muda mrefu bila kuli.

Kwa hiyo lile swali la "sisi ni wachache na wadogo, tutaweza?" mimi ningeliweka pembeni kwa muda. Swali la kuanzia ni: wale mnaowalalamikia wanahitaji nini kutoka kwenu? Kama hawahitaji chochote, barua zenu zitalala kwenye faili hata zikiandikwa kwa wino wa dhahabu. Kama wanahitaji, mna pa kushika.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo gumu zaidi: watu walikubalianaje? Ng'ambo ya 1928 haikuwa na simu wala redio ya kutangaza mgomo. Ilikuwa na vilabu vya mpira, ngoma, shughuli za wanawake na barza za jioni. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba na mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, alikuwa akikusanya watu Ng'ambo na kuimba juu ya mahakama zinazowapendelea matajiri. Mwaka huo huo wa 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Nyimbo pekee haziondoi kodi. Zinachofanya ni kuwajuza watu mia waliokaa pamoja kuwa kila mmoja wao amekereka kwa jambo lile lile.

Hilo ndilo wataalamu wa harakati wanalolizingatia sana siku hizi. Mchumi mmoja, Timur Kuran, ameeleza kuwa watu huficha wanachokitaka hasa pale wanapodhani kukisema kutawaponza. Kila mmoja akificha, kila mmoja anadhani yuko peke yake, na hali mbaya inaonekana kana kwamba imekubaliwa na wote. Ndivyo alivyoeleza kwa nini serikali za Ulaya ya Mashariki zilianguka ghafla mwaka 1989 na takriban kila mtu akashangaa, hata wapinzani wenyewe. Kijijini kwenu hali haiko mbali na hiyo. Una hakika sheha anaupenda ule uzio? Una hakika imamu anaupenda? Vijana wenu walioajiriwa ndani ya hoteli, ambao mama zao ndio nyinyi, umewauliza? Kazi ya kwanza ya harakati yoyote ni ya kimya: kumuuliza mtu mmoja mmoja, mnapokaa chini kufunga tai-tai (zile kamba ndogo za kufungia mwani), bila ya karatasi wala mkutano. Utashangaa. Na usipate jibu lote siku moja. Anayekwambia "mimi sijui" leo, wiki ya pili atakufuata mwenyewe.

Sasa nije kwa vijana. Wana haki ya kukasirika, na sitaki uwaone maadui. Lakini waulize kama wanajua ya Kiembe Samaki. Mwaka 1951 wakulima wa pale Unguja walikuwa na madai mawili: ardhi yao ilichukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, na ng'ombe wao walikuwa wanalazimishwa kuchanjwa. Wakakataa. Wakakamatwa baadhi yao, wakahukumiwa, na umati ukajaribu kuwaokoa wafungwa kwa nguvu. Polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Mpaka leo tukio lile linaitwa Vita vya Ng'ombe. Madai yalikuwa ya haki, ushujaa ulikuwepo, lakini siku ile uwanja waliouchagua ulikuwa ni ule ule ambao dola ina nguvu zaidi kuliko mkulima: bunduki dhidi ya fimbo.

Na hata hivyo siwezi kusema kuwa walishindwa moja kwa moja. Wakulima wale waliunda chama chao kidogo, na mwaka 1955 kikageuka kuwa chama cha siasa cha ZNP, ile Hizbu, mmoja wa washindani wakubwa wa siasa za miaka ile. Unaweza kuipenda Hizbu au kuichukia (Pemba nzima ina maoni juu ya hilo, na mimi siyafungui hapa), lakini hakuna anayeweza kuandika historia ya Zanzibar bila ya ng'ombe wa Kiembe Samaki. Harakati huleta mambo ambayo walioanzisha hawakuyaomba, mazuri na mabaya. Ukianza, jua hivyo.

Kuna utafiti mkubwa wa Erica Chenoweth na Maria Stephan, uliotoka mwaka 2011, uliopitia harakati 323 duniani kati ya 1900 na 2006. Zile zisizotumia nguvu zilifaulu kiasi cha asilimia 53, na zile za silaha asilimia 26. Sitaki uichukue takwimu hiyo kama hirizi, maana harakati walizozihesabu zilikuwa za kuziondoa serikali au kudai uhuru, na nyinyi mnadai njia ya kupita. Chenye faida ni sababu waliyoitoa. Jambo la amani linaweza kuingiwa na bibi mwenye miaka 70, mwanafunzi, mama mwenye mtoto mgongoni, mpaka mke wa askari. Kung'oa uzio usiku kunaingiwa na vijana kumi wenye mbio. Na asubuhi yake mazungumzo ya wilaya nzima hayatakuwa tena njia yenu. Yatakuwa ni mali ya mtu iliyoharibiwa, na nani alale ndani.

Wazee wenu nao nawaelewa zaidi ya wanavyodhani. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 polisi walifyatulia risasi maandamano ya chama cha upinzani cha CUF ya kupinga matokeo ya uchaguzi, watu zaidi ya 30 wakauawa, wengi wao hapo Pemba, na maelfu wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mtu aliyezika siku ile akikwambia "tulia mwanangu", hakwambii upuuzi. Ninachokataa ni lile hitimisho lao kwamba hakuna kilichowahi kubadilika. Oktoba mwaka ule ule ukasainiwa muafaka baina ya CCM na CUF. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif, kiongozi wa CUF, wakakutana, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Watu wale wale walioambiwa hawatawahi kukaa meza moja wakakaa. Kisha uchaguzi wa 2015 ukafutwa, umoja ukavunjika, na ukarudi Desemba 2020. Mabadiliko ya kisiasa yanaweza kurudi nyuma. Hayakauki kama saruji.

Kwa nini 2009 na si 2003? Madai hayakuwa mapya. Wakubwa wenyewe walikuwa wamechoka na wanatafuta pa kutokea. Wewe unaijua bahari: mwani haufungwi maji yakiwa yamejaa hata uwe na nguvu za namna gani, unasubiri bamvua, siku maji yanapokupwa sana, na bamvua likifika unakutwa tayari na kamba zako, hutoki nyumbani kwenda kuzitafuta. Nafasi ya kisiasa iko hivyo. Uchaguzi unakaribia, mkataba wa mwekezaji unataka kuhuishwa, mkuu mpya wa wilaya anaingia, mgogoro kama wenu umeandikwa gazetini mahali pengine: hizo ndizo siku zenu. Walioshinda ni wale waliokuwa wameshajipanga kabla.

Kuhusu mume wako, nitasema kidogo, maana mambo ya nyumba ni ya wenye nyumba. Mwani wa kibiashara ulianza Paje mwaka 1989, na waume wengi wa wakati ule waliona kazi hiyo haimstahiki mwanamke wa heshima, kutwa yumo baharini na nguo zimerowa. Hakuna maandamano yaliyofanywa, wala sheria iliyotungwa. Wanawake waliendelea, pesa ikaingia, daftari za skuli zikanunuliwa, bati likapanda juu ya nyumba, na fikra ikabadilika bila ya mtu kutangaza kuwa ameibadilisha. Leo wakulima wa mwani Zanzibar kwa sehemu kubwa sana ni wanawake. Mabadiliko ya utamaduni mara nyingi huja hivyo, kwa kitendo kilichorudiwa mpaka kikazoeleka. Ukitaka mfano wa jirani, mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wabunge walimkejeli yeye na wenzake kuwa ni kundi la wanawake walioachwa. Yeye akaandika barua, si kwa serikali tu, bali kwa balozi na mashirika yanayohusika na fedha za mradi. Wenye pesa wakajitoa, na mwaka 1992 uzio uliozungushiwa bustani ukaondolewa.

Jifunze hapo kwamba yeye naye aliuliza jengo lile linahitaji nini. Nyinyi fanyeni hivyo hivyo. Mwekezaji wenu anahitaji wafanyakazi, samaki, maji, usalama wa wageni, na jina zuri kwa wale waliomkopesha au wanaomletea watalii. Mkuu wa wilaya anahitaji utulivu na taarifa nzuri ya kupeleka juu. Mwakilishi wenu anahitaji kura. Kampuni inayonunua mwani wenu inahitaji magunia, na kama mavuno yamepungua kwa sababu mnazunguka, basi nayo imepata hasara, pengine bila kujua sababu. Huyo ni mshirika ambaye sidhani mmemfikiria. Anzeni daftari: tarehe, nani alikwenda, alizunguka muda gani, mwani kiasi gani ulichukuliwa na maji au ulioza. Kurasa za miezi mitatu zinazungumza kwa sauti kubwa zaidi ya kipaza sauti, na mwanasheria atazibusu.

Halafu kuna wavuvi. Nyote mnaijua Misali, kisiwa kidogo cha magharibi ya Pemba. Miaka ya 1990 kisiwa kile kilitaka kugeuzwa cha hoteli, na wavuvi wanaopiga dago (kambi ya uvuvi) pale wakapinga. Hawakusema "tuachieni tuvue tu". Waliungana na watu wa mazingira, na mwaka 1998 Misali ikawa eneo la hifadhi ambalo wavuvi wana sauti katika kulisimamia. Baadaye hata mafundisho ya dini juu ya kuutunza uumbaji wa Mungu yakaingizwa katika kuwashawishi wavuvi waache uvuvi wa kuharibu. Dai dogo la "kazi yetu" liliwekwa ndani ya dai kubwa ambalo imamu, mwanamazingira na afisa wa serikali wote wanaweza kulisema bila ya kuona haya. Lenu mnaweza kuliweka hivyo: njia ya pwani ni ya mama wa mwani, ya mvuvi, ya mtoto anayekwenda kuokota chaza, na ya maiti anayeshushwa mtumbwini. Msilifanye la kikundi peke yake.

Na hapa pana hatari ambayo ni ya Pemba hasa. Kwenu kila jambo linapakwa rangi ya chama kabla ya jua kuzama. Dai lenu likishaonekana ni la chama fulani, nusu ya kijiji itanyamaza na ofisi zote zitapata kisingizio. Wekeni mbele wanawake wa pande zote mbili, majina yao yaende pamoja kwenye kila barua, na mwanasiasa akija kutaka kuhutubia, mkaribisheni chai, msimpe kipaza sauti. Najua ni rahisi kuandika kuliko kutenda.

Barua zenu za mwanzo hazikuwa kosa, ila nadhani ziliomba kusikilizwa. Ombeni kitu kinachoweza kujibiwa ndiyo au hapana: njia ya upana wa kupita gari la ng'ombe, mahali pale pale pa zamani, wazi siku za bamvua tangu alfajiri mpaka maji yanapojaa. Mkitaka uzio wote uondoke, semeni, lakini amueni baina yenu mapema mtakubali nini kama mtapewa nusu, maana mara nyingi hutolewa nusu. Pelekeni nakala kwa sheha, wilaya, Kamisheni ya Ardhi na kwa mwekezaji mwenyewe, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwekezaji asiyejua anawaumiza yupo. Nimeona mageti yakifunguliwa kwa kikao kimoja cha chai. Yupo pia anayejua vizuri sana.

Maandamano siyakatai moja kwa moja. Yanafaa pale mlipokwisha kukubaliana wengi, mna dai moja, na milango mingine mmeigonga mkaandika tarehe. Sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi saa zisizopungua 48 kabla. Mkipuuza hilo, mmempa mtu mwengine sababu ya kuzungumzia utaratibu badala ya njia. Kukaa chini kwa utulivu kando ya uzio wanawake 40 na matenga yao ya mwani, saa ambayo wageni wanakunywa chai, kunaweza kusema zaidi ya mabango. Lakini nako kuna hatari, na asiwepo hata mmoja aliyeshurutishwa.

Mkishapewa njia, kazi inabaki. Zanzibar ilikuwa na sheria ya mwaka 1985 iliyoweza kumfunga jela mwanamke asiye na mume akipata mimba. Wanawake, wanasheria wakiwemo, walipigana nayo, na mwaka 2005 ikabadilishwa, kifungo kikaondoka. Minong'ono ya mtaani dhidi ya wasichana wale haikuondoka siku ile, na kwenye vijiji vingine haijaondoka bado. Geti lililofunguliwa kwa ahadi ya mdomo hufungwa na meneja mpya. Ahadi iandikwe, isainiwe, na mteue wawili wa kuifuatilia.

Mambo mengine hayamalizwi kwa barua kama hii. Sijui mkataba wa ardhi ile unasemaje, wala njia yenu imo kwenye ramani au la, na hapo ndipo kesi itakaposimama au kuanguka. Nendeni mkaonane na mtu uso kwa uso, na daftari lenu mkononi: msaidizi wa sheria aliye karibu nanyi kwanza, halafu Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kina ofisi Pemba pia, au wanasheria wanawake wa ZAFELA. Nendeni kabla hamjasaini karatasi yoyote ya fidia, hata ikionekana nzuri. Na kama mmoja wenu au kijana wenu ameshatishiwa au kuitwa kituoni, acheni yote niliyoyasema hapo juu, mtafuteni wakili siku hiyo hiyo, na asiandikishe maelezo kabla ya kuzungumza naye.